Tempranillo na majina yake: uchague Rioja, Ribera, Toro au Roriz?

Samaki mdogo wa Ziwa Victoria anaitwa dagaa Mwanza, omena Kisumu na mukene Jinja, na hakuna anayemwambia mwenzake amekosea. Tempranillo, zabibu nyekundu inayopandwa kuliko nyingine zote Hispania, iko hivyo hivyo: kila bonde lina jina lake, na wenyeji wa kila bonde huongea kana kwamba zabibu yao haipo pengine. Mnunuzi anayesimama mbele ya rafu anaona Rioja, Ribera del Duero, Toro, Valdepeñas na Douro, akadhani ana zabibu tano za kuchagua. Kwa sehemu kubwa ni ile ile moja. Kinachobadilika ni mwinuko wa shamba, joto, udongo na muda mvinyo uliokaa pipani, na mabadiliko hayo ni makubwa kiasi kwamba anayependa chupa moja anaweza kuikataa nyingine asijue ni ndugu.

Tuanze na majina, pamoja na matamshi ya karibu kwa anayetaka kuuliza dukani au mezani bila kigugumizi.

| Jina | Linatumika wapi | Hutamkwa kama |
|---|---|---|
| Tempranillo | Rioja, Navarra | tempraniyo |
| Tinto Fino, Tinta del País | Ribera del Duero | tinto fino, tinta del pais |
| Tinta de Toro | Toro, mkoa wa Zamora | kama lilivyoandikwa |
| Cencibel | La Mancha, Valdepeñas | thenthibel, "th" ya thelathini |
| Ull de Llebre | Katalunya | uly de lyebre |
| Tinta Roriz | Douro na Dão, Ureno | tinta rorish |
| Aragonez | Alentejo, Ureno | aragonesh |

Rioja yenyewe hutamkwa "riokha", kwa "kh" ya kheri. Hapa Mswahili amemtangulia Mwingereza kwa mbali.

Jina Tempranillo limetoka kwenye neno temprano, yaani mapema, kwa sababu zabibu hii huiva mapema: wiki mbili hivi kabla ya Garnacha inayopandwa jirani yake. Tinta del País ni "nyekundu ya nchi hii", jina la aina ile ile ya kuku wa kienyeji, na ndiyo maana halikusaidii kitu ukiwa nje ya nchi yenyewe. Ull de Llebre ni jicho la sungura. Tinta Roriz inahusishwa na Quinta de Roriz, shamba la kale kando ya mto Douro, na Aragonez inaelekeza Aragón, upande wa kaskazini-mashariki wa Hispania.

Jina hilo la mwisho lina mtego. Ndani ya Hispania, Aragonés au Tinto Aragonés limetumika pia kuiita Garnacha, zabibu tofauti kabisa. Kwa hiyo Aragonez kwenye chupa ya Ureno ni Tempranillo, lakini jina linalofanana nalo kwenye maandishi ya zamani ya Kihispania huenda si Tempranillo. Mtego wa pili ni Valdepeñas: nchini Hispania ni jina la mji na eneo la mvinyo, lakini huko California zabibu hii hii iliwahi kupandwa kwa miaka mingi ikiitwa Valdepeñas. Na "vino tinto" si zabibu yoyote, ni mvinyo mwekundu tu.

Kwamba majina haya yote ni ya mmea mmoja si hoja ya kubishania tena. Vipimo vya vinasaba vimethibitisha. Mwaka 2012 watafiti wa Hispania walionyesha pia wazazi wake: Albillo Mayor, zabibu nyeupe ambayo bado inalimwa Ribera del Duero, na Benedicto, nyekundu ambayo imekaribia kutoweka. Kilichopo kati ya Tinta de Toro na Tempranillo ya Rioja ni tofauti za ukoo mmoja. Baada ya karne nyingi za wakulima kuchagua vikonyo vya mizabibu waliyoipenda, mmea wa Toro ukawa na punje ndogo zaidi na ganda nene zaidi. Ganda ndiko kunakotoka rangi na tanini, ile ladha inayokausha ulimi kama chai iliyochemka mno, kwa hiyo tofauti ndogo shambani huwa kubwa kwenye glasi.

Udhaifu wa zabibu yenyewe

Kabla ya kulinganisha maeneo, ni vizuri kujua Tempranillo inakosea wapi, maana kila eneo limejengeka kuzunguka kosa hilo. Tempranillo ina rangi nzuri, ina tanini ya wastani, lakini uchachu wake ni mdogo na hupungua haraka joto likizidi. Sukari hupanda, asidi hushuka, na pH ya maji ya zabibu, kipimo kinachopanda asidi inapopungua, inaweza kufika 3.8 au kupita. Matokeo yake si ladha iliyopooza tu. Kwenye pH ya juu, salfa dioksidi ambayo watengenezaji hutia kulinda mvinyo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na vijidudu vya Brettanomyces hupata nafasi. Ndipo unapofungua chupa ikanuka zizi la farasi au plasta ya kidonda.

Dawa ziko tatu. Ya kwanza ni kupanda juu, ambako usiku ni baridi na asidi haipotei. Ya pili ni kuchanganya na zabibu yenye uchachu: Rioja hutumia Graciano na Mazuelo, ambayo ni Carignan ya Wafaransa. Ya tatu ni kuongeza asidi ya tartariki kiwandani, jambo la kawaida kwenye maeneo ya joto. Ikifanywa kwa mkono mzito, mvinyo huwa na uchachu mkali unaosimama peke yake, haujaungana na tunda.

Mzabibu wenyewe una vichala vilivyobanana, na huzaa kupita kiasi ukiachwa kwenye udongo wenye rutuba. Mavuno makubwa maana yake ni punje kubwa, maji mengi, rangi hafifu. Ndiyo maana kanuni za Rioja kwa miaka mingi zimekuwa na kikomo cha kilo 6,500 za zabibu nyekundu kwa hekta, na za Ribera kilo 7,000.

Soma neno la umri kwanza

Chupa za Rioja na Ribera mara nyingi hazitaji zabibu kabisa upande wa mbele. Zinataja eneo, na neno moja la umri. Neno hilo linakueleza ladha kuliko jina la zabibu.

Sheria ya Hispania kwa mvinyo mwekundu inasema Crianza iwe na angalau miezi 24, kati yake 6 kwenye pipa la mwaloni; Reserva miezi 36, kati yake 12 pipani; Gran Reserva miezi 60, kati yake 18 pipani. Hicho ni kiwango cha chini cha nchi nzima. Rioja na Ribera zimejiwekea zaidi: Crianza yao hukaa pipani miezi 12, na Gran Reserva miezi 24. Kwa hiyo Crianza ya Valdepeñas na Crianza ya Rioja hazina kiasi kile kile cha mwaloni, ingawa neno ni moja. Rioja inataka pia Reserva ipumzike angalau miezi 6 kwenye chupa, na Gran Reserva miaka 2.

Rioja imerahisisha mambo kwa lebo ndogo yenye rangi nyuma ya chupa: kijani ni mvinyo mchanga au usiofuata ngazi za umri, nyekundu ni Crianza, nyekundu iliyoiva kama damu ya mzee ni Reserva, buluu ni Gran Reserva. Usidhani kijani ni cha chini tu. Baadhi ya watengenezaji wakubwa huchagua kijani kwa makusudi ili wasifungwe na ratiba ya mapipa, na bei yao itakuambia hivyo mara moja.

Ribera ina neno jingine, Roble, maana yake mwaloni. Ni mvinyo uliopita pipani kwa muda mfupi, miezi 3 na kuendelea. Kwa anayeanza, Roble ni mlango mzuri kuliko Crianza: tunda bado liko mbele na bei ni nafuu.

Ukivuka mpaka kuingia Ureno, sahau hesabu zote hizi. Reserva ya Ureno haina miaka maalumu. Inataka kilevi kiwe juu ya kiwango cha chini cha eneo kwa angalau nusu asilimia, na mvinyo upite mbele ya jopo la waonjaji. Neno la Ureno lenye miezi ndani yake ni Garrafeira: kwa mvinyo mwekundu, angalau miezi 30, kati yake 12 kwenye chupa. Watu wengi hulipia Reserva ya Alentejo wakitegemea ukomavu wa Reserva ya Rioja, wakakutana na mvinyo wa mwaka juzi uliojaa tunda. Haujaharibika. Ndivyo ulivyo.

Rioja na Ribera del Duero

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokwama, na ndipo tofauti ilipo wazi zaidi.

Rioja iko kando ya mto Ebro, imegawanyika sehemu tatu: Rioja Alta, Rioja Alavesa na Rioja Oriental, ambayo hadi 2018 iliitwa Rioja Baja. Milima ya Sierra de Cantabria huizuia mvua na upepo wa Atlantiki, lakini ubaridi kidogo hupenya. Alta na Alavesa zina udongo wa mfinyanzi na chokaa, na humo Tempranillo hubaki na uchachu wa kutosha. Oriental ni ya joto zaidi, na Garnacha ina nafasi kubwa huko.

Pipa la Rioja ni la lita 225, na kwa desturi ni la mwaloni wa Marekani. Wafanyabiashara wa Bordeaux, Ufaransa, walifika Haro, mji wa Rioja Alta, katika karne ya 19, mizabibu yao ilipokuwa inaliwa na wadudu wa filoksera, wakaleta mtindo wa pipa dogo. Mbao zenyewe zilipatikana kwa bei nafuu kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Mwaloni wa Marekani hutoa harufu ya nazi na vanila. Msomaji wa pwani ataitambua nazi hiyo mara tu akiinua glasi. Baada ya miaka pipani, stroberi na cheri za mwanzo hugeuka kuwa tini iliyokaushwa, tumbaku na ngozi ya mkoba, na rangi huelekea kwenye tofali. Nyumba za zamani za Haro, kama López de Heredia iliyoanzishwa 1877 na La Rioja Alta ya 1890, bado hufanya hivyo. Lakini nyumba nyingi nyingine zimehamia mwaloni wa Ufaransa, zikatoa mvinyo mweusi zaidi wenye harufu ya karafuu na kahawa ya kukaanga. Ndiyo sababu "napenda Rioja" ni sentensi isiyokamilika. Rioja ya zamani na Rioja mpya zinafarakana kuliko Rioja mpya na Ribera.

Usiusahau mtindo wa tatu, wa Alavesa: vichala vizima hutiwa tangini bila kupondwa, uchachukaji ukaanzia ndani ya punje. Hutoka mvinyo wa rangi angavu, wenye harufu ya peremende na tunda, tanini kidogo mno. Hunywewa ndani ya mwaka mmoja, ukiwa umepozwa. Chupa ya aina hii yenye miaka minne rafuni ni ya kuachwa.

Ribera del Duero ilipata hadhi yake rasmi 1982, ingawa Vega Sicilia, nyumba yake maarufu zaidi, ilianza 1864. Iko kwenye uwanda wa juu wa Castilla, mashamba mengi yakiwa kati ya mita 750 na 850, mengine yakikaribia 1,000. Wakati wa kiangazi mchana unaweza kuwa na nyuzijoto 35 na usiku ukashuka kwa nyuzi 20. Zabibu hujenga sukari na ganda nene mchana, kisha baridi ya usiku huilinda asidi. Mvinyo hutoka mweusi, wenye forosadi na plamu, tanini nzito, kilevi cha asilimia 14 hadi 15. Angalau asilimia 75 ya mvinyo mwekundu lazima iwe Tinto Fino, na chupa nyingi ni asilimia 100. Zinazochanganya hutumia zaidi Cabernet Sauvignon, Merlot au Malbec. Mwaloni huwa zaidi wa Ufaransa.

Gharama ya mwinuko huo ni jalidi. Umande huganda juu ya machipukizi hata mwezi Mei, na baridi ya mwishoni mwa Aprili 2017 iliunguza mashamba mengi ya huko na ya Rioja pia. Mkulima anayepoteza nusu ya mavuno hawezi kushusha bei. Hilo linaeleza kwa sehemu kwa nini Ribera mara nyingi huwa ghali kuliko Rioja ya ngazi ile ile.

Hukumu yetu: kwa fedha hiyo hiyo, Reserva ya Rioja Alta hukupa mvinyo uliokwisha kukomaa, tayari kunywewa leo. Reserva ya Ribera hukupa mvinyo unaohitaji miaka mitatu minne zaidi, au saa mbili kwenye jagi pana. Anayekula nyama nyekundu iliyokaangwa nje na kubaki na damu ndani, achukue Ribera. Mafuta na protini ya nyama hulainisha tanini. Anayekula kuku, uyoga, mwanakondoo wa kupikwa polepole au pilau isiyo na pilipili nyingi, achukue Rioja. Ribera mchanga pamoja na samaki mwenye mafuta ni kosa: tanini na mafuta ya samaki huacha ladha ya chuma mdomoni.

Kwa Rioja, mwaka una uzito. Baraza lake limetoa daraja la juu kabisa kwa miaka 2001, 2004, 2005, 2010 na 2011. Gran Reserva ya miaka hiyo, ikiwa imehifadhiwa vizuri, haina wasiwasi. Lakini daraja la mwaka halimwokoi mtengenezaji mvivu, wala halisemi chochote kuhusu chupa za bei ya chini za kunywewa haraka.

Toro

Mto ni ule ule Duero, umeteremka kuelekea Ureno. Mwinuko ni mita 620 hadi 750, mvua ni milimita 350 hadi 400 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya udongo ina mchanga. Mchanga ndio siri yake: filoksera hawezi kuchimba humo, kwa hiyo Toro imebaki na mizabibu mikongwe iliyosimama juu ya mizizi yake yenyewe, bila kupandikizwa kwenye shina la Kimarekani. Hupandwa mbalimbali, karibu mita 3 kwa 3, ikikatwa chini kama kichaka kisicho na waya, ili kila mmea upate maji yake.

Tinta de Toro ina nguvu. Asilimia 14.5 hadi 15.5 ni kawaida, rangi ni ya wino, tanini hukamata ufizi. Ikikosewa, ni jamu iliyotiwa spiriti. Kosa lenyewe hutokea kwenye siku chache za mavuno: sukari hupanda upesi sana mwishoni, mkulima akisubiri tanini iive siku nne tano zaidi, kilevi kinamkimbia na asidi imekwenda. Kosa la pili ni kukamua maganda kwa nguvu mno wakati wa kuchachua, jambo ambalo Tempranillo ya Rioja ingelivumilia lakini ganda nene la Toro halisamehe.

Ichague kwa jioni ya mbuzi wa kuchoma au jibini kavu ya kondoo, si kwa chakula cha pilipili. Kilevi kikubwa huongeza moto wa pilipili. Mishkaki yenye pilipili mbuzi na Toro ya 15.5 ni vita mdomoni. Mimina kwenye jagi saa moja hadi mbili kabla. Kwa wanaotoka Ribera wakitaka nguvu zaidi kwa bei ndogo kidogo, hapa ndipo mahali pake. Kwa wanaotoka Rioja ya zamani, hapana.

Cencibel na Ull de Llebre

La Mancha ni uwanda mkubwa mno, na Cencibel yake ni ya kila siku: asilimia 12.5 hadi 13.5, tunda jekundu, mwaloni kidogo au hakuna. Zamani Valdepeñas ilichanganya Cencibel na Airén nyeupe ili kupata mvinyo mwepesi wa mezani, uliohifadhiwa kwenye mitungi mikubwa ya udongo. Nunua mvinyo mchanga, wa mwaka jana au juzi. Gran Reserva ya bei ya kutupwa kutoka huku ina ladha ya mbao kuukuu, kwa sababu tunda halikuwa na uzito wa kubeba miaka hiyo. Kwa chungu cha mchuzi wa nyama au sangria, chupa ya Cencibel inatosha kabisa.

Ull de Llebre utaikuta Penedès na Costers del Segre, mara nyingi ikiwa sehemu ya mchanganyiko pamoja na Cabernet au Garnacha. Usiitafute kwa jina. Inunue kwa sifa ya mtengenezaji.

Tinta Roriz na Aragonez

Mto ule ule wa Toro ukivuka mpaka unaitwa Douro, na zabibu inabadilishiwa jina ikawa Tinta Roriz. Ni mojawapo ya zabibu tano kuu za mvinyo wa Port, pamoja na Touriga Nacional, Touriga Franca, Tinta Barroca na Tinto Cão. Hii ndiyo tofauti kubwa ya Ureno: huko haitarajiwi kuimba peke yake. Kwenye mchanganyiko wa Douro, Roriz huleta tunda jekundu na uti wa mgongo wa tanini, Touriga Nacional huleta harufu ya maua na rangi.

Wakulima wa Douro huilalamikia kwa kigeugeu chake. Mwaka mmoja hutoa mvinyo wa kuvutia, mwaka unaofuata mizabibu imezaa kupita kiasi na mvinyo umekuwa mwembamba wenye tanini kavu. Mtengenezaji makini hukata sehemu ya vichala vikiwa vibichi. Asiye makini huchanganya na kunyamaza. Kwa hiyo Tinta Roriz peke yake kwenye lebo ni kamari kidogo, lakini mchanganyiko wa Douro wenye Roriz ndani ni mojawapo ya manunuzi salama zaidi kwa bei ya kati. Dão, kwenye udongo wa matale na hewa ya baridi zaidi, hutoa mvinyo mwembamba kiuno, wenye uchachu, unaofaa nyama ya nguruwe na maharage.

Alentejo ni kusini, kuna joto, na Aragonez huko huchanganywa na Trincadeira na Alicante Bouschet. Ni mvinyo laini, ulioiva, wa kunywewa ndani ya miaka minne mitano. Anayeanza na anayeogopa tanini tungempeleka hapa kabla ya kumpeleka Ribera.

Nje ya Iberia mashamba ni madogo: Argentina, Australia, Texas, Oregon, pia Calitzdorp huko Afrika Kusini kwenye mvinyo wa mtindo wa Port. Huko majina huwa mawili tu, Tempranillo au Tinta Roriz, na ladha hufuata mkono wa mtengenezaji kuliko mila yoyote. Mwaka 2015 duniani kulikuwa na takriban hekta 231,000 za zabibu hii, karibu tisa katika kila kumi zikiwa Hispania, kwa hiyo ukitaka kuijua, anzia huko.

Ukishanunua

Kwa anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, ule ushauri wa vitabu wa kunywa mvinyo mwekundu kwenye "joto la chumbani" utaharibu fedha zako. Chumba kinachozungumzwa ni cha Ulaya ya zamani, nyuzi 17 hivi. Kwenye nyuzi 30 kilevi cha Toro huruka puani na tunda hujificha. Lenga nyuzi 16 hadi 18 kwa Reserva, Ribera na Toro. 13 hadi 14 kwa mvinyo mchanga wa Alavesa, Cencibel na Aragonez nyepesi. Chupa yenye nyuzi 30 ikiwekwa kwenye friji ya kawaida huchukua saa moja na nusu hadi mbili kufika 17. Kwenye ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji ni dakika 10 hadi 15. Barafu bila maji haipozi vizuri, kwa sababu inagusa chupa sehemu chache tu.

Dukani, angalia kizibo kupitia foili. Kikiwa kimesukumwa juu, au kuna alama ya mvinyo uliovuja shingoni, chupa imepikwa na joto safarini au dirishani. Ndani yake utakuta plamu iliyochemshwa na rangi ya kahawia hata kama mavuno ni ya juzi. Gran Reserva ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa imekaa miaka mingi na haina tunda la akiba. Kama duka halina kiyoyozi, nunua mvinyo mchanga wenye kifuniko cha kuzungusha na uache Gran Reserva kwa siku nyingine.

Gran Reserva isimamishwe wima siku moja kabla ya kufunguliwa ili mashapo yatulie chini, kisha imiminwe taratibu kwa mkono mmoja usiotikisika, ukisimama pale unapoona weusi unakaribia shingo. Usiiache kwenye jagi saa mbili kama Toro. Harufu yake ni dhaifu na inaweza kuisha kabla chakula hakijaiva. Dakika 20 zinatosha.

Ukikuta vipande vinavyong'aa kama chumvi chini ya kizibo, hiyo ni chumvi ya asidi ya tartariki iliyoganda, haina madhara. Ukisikia karatasi ya boksi iliyolowa na ukungu, ni kizibo kilichoathirika, na hakuna jagi wala kungoja kutakakoirekebisha. Irudishe na kizibo chake, ikiwa bado imejaa.